Niliyanywa Maneno ya Sefu

Sahani ilifika Ijumaa iliyopita. Ilikuwa imefunikwa kwa sahani ya bati, ikaviringishwa ndani ya kanga mbili za mama na kukazwa kwa kamba ya katani mpaka nikalazimika kuikata kwa wembe. Mama mmoja msafiri, nisiyemjua, ndiye aliyeileta. Aliniambia kwamba kutoka Lindi hadi hapa Dar es Salaam ameipakata kama mtoto mchanga, kwa sababu ndugu yangu Sefu alimwapisha asiiweke chini. Nilipofungua kanga ya kwanza, kabla sijaona kitu, harufu ilinifikia: zafarani na marashi ya waridi. Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Ile ni harufu ya baba yangu. Wenzangu wengine baba zao walinuka tumbaku, au samaki, au moshi wa kubangulia korosho. Wangu alinuka zafarani, hasa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, ambavyo vilikuwa na rangi ya manjano isiyotoka kwa sabuni yoyote. Alifariki mwezi wa mvua kubwa. Njia ilikatika Rufiji, meli ya pwani ilikuwa imeshapita, na mimi nikafika kwetu Mitwero siku ya nne, udongo wa kaburi umeshakauka juu. Sefu ndiye aliyemwosha. Sefu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nimeandika sentensi hizo mbili polepole ili nione kama bado zinauma. Zinauma.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Chuo kikuu hakikunifundisha tabia hiyo, kilinipa tu cheti chake. Nilikuwa nauliza tangu nikiwa na magoti yenye vidonda, na wa kwanza kuchoshwa na maswali yangu alikuwa baba. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale barazani kwetu, na watu walimjia awaandikie kombe. Walikuja wenye homa, wenye watoto wanaoshtuka usingizini, na wanafunzi waliokaribia mtihani. Alichukua sahani nyeupe ya kauri yenye mstari wa buluu ukingoni, akachovya kalamu ya mtete kwenye zafarani iliyokorogwa, akaandika aya kwa duara kutoka ukingoni hadi katikati. Kisha akamimina maji yenye marashi, akaizungusha sahani mpaka maandishi yote yakayeyuka yakawa maji ya manjano. Mgonjwa akaambiwa, "Nuia." Mgonjwa akanuia, akanywa.

Kwa baba, mgonjwa hakushika sahani yake mwenyewe. Alishikiwa. Sababu sikuwahi kuipata, ingawa niliiuliza mara nyingi. Kazi ya kushika ilikuwa yangu. Nilipiga magoti mbele ya watu wazima, wengine wenye mvi, nikawasogezea sahani midomoni, nikayaona maneno yakipita kooni.

"Baba, yakishaingia tumboni yanakaa wapi?"

"Yanakaa."

"Wapi lakini? Karibu na wali?"

"Shika sahani sawa, utamwaga."

Kila mtoto ana mahali ambapo anajua bila shaka kwamba ni pake. Pangu palikuwa pale, magotini, na ukingo wa sahani kwenye ncha za vidole. Ndugu zangu wa kike walinicheka kwamba nimejifanya waziri. Sikujali.

Halafu akaja Sefu. Alikuwa mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa mvuvi huko Sudi. Umri wetu ulikuwa mmoja, naye aliletwa kwetu asome shule ya kati mjini. Aliingia na mkeka, fungu la pweza mkavu, na shati lililokuwa na vifungo viwili tu. Hakuwa msemaji. Ukimuuliza jambo, alikutazama mdomoni kwanza kama mtu anayesubiri kitu kidondoke humo, ndipo akajibu. Usiku ule wa kwanza mama alipakua samaki, na baba akachukua kichwa akamwekea Sefu. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Hakuna aliyewahi kutamka hivyo, lakini kilikuwa changu.

"Kula, mwanangu," baba alimwambia.

Mimi aliniita "we." We njoo, we shika, we nyamaza. Nilikuwa sijaona ubaya wake mpaka usiku ule.

Shuleni tulikaa dawati moja. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana wa Kilwa Masoko, Mwalimu Issa, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi zilizofika magotini. Asubuhi moja alibandika ukutani karatasi kubwa, akaandika juu yake neno moja: run. Tulilijua. Lilikuwa kati ya yale ya mwanzo kabisa kujifunza. Mtoto mmoja akainuka akakimbia hadi mlangoni na kurudi, darasa likacheka.

"Vizuri," alisema Mwalimu Issa. "Huyo mmoja. Sasa mjue kwamba neno hili halitulii. Waingereza wanalitumia kwa miguu, na kwa vitu visivyo na miguu. Sitaki mniletee kutoka kitabuni. Nendeni mjini. Wako watu wanaofanya kazi na Waingereza kila siku: mpishi, dobi, dresa wa hospitali, karani. Sikilizeni. Atakayeniletea matumizi mapya aniambie kalisikia kwa nani, lilisemwaje, na jambo gani lilikuwa linatokea. Nitaliandika hapa na jina lake pembeni. Siku ya kufunga shule, mwenye jina mara nyingi kuliko wote atapata hiki."

Akanyanyua kamusi yake ya zamani. Jalada lilikuwa limechakaa likawa na rangi ya kahawia, na kona moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Mji mzima wa Lindi sikuwa nimeona kitabu kinene namna ile isipokuwa msahafu. Niliwaza papo hapo kitakaa wapi nyumbani: rafuni, chini ya msahafu, mahali ambapo baba angekiona kila alipoinua macho kutoka kwenye sahani.

Jioni nilimsimulia baba habari yote. Alikuwa anachonga kalamu. Alisikiliza, akapuliza vumbi la mtete, akasema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na jua, "Sefu ndiye atakayekileta kitabu hicho."

"Kwa nini Sefu?"

"Anasikiliza."

Basi ilianza hapo. Nilitoka kila alasiri mbio kuliko neno lenyewe. Nilikwenda uwanjani ambako vijana wa Kihindi walicheza krikiti, nikarudi na rani zao wanazohesabu. Jina langu likaandikwa. Nilimfuata karani wa forodha, akaniambia kwamba meli ina-run kati ya Dar es Salaam na Lindi. Likaandikwa. Niliona njia iko wazi. Lakini ilinibidi nipite kwa Babu Chitanda, mpishi wa nyumba ya bwana mkubwa, na huko ndiko nilikoharibu.

Babu Chitanda alikuwa Mmwera mfupi mwenye kofia nyeupe, na alipenda kusimulia akiwa anamenya viazi. Sefu na mimi tulikaa kwenye ngazi ya jiko.

"Siku zangu za mwanzo," alisema, "memsabu akaingia jikoni, akaniambia, Chitanda, we have run out of sugar. Nikajua run, nikajua out. Nikaacha chungu, nikatoka nje kuitazama sukari imekimbilia wapi. Nikazunguka nyumba! Memsabu dirishani anacheka mpaka analia."

Sefu alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Mimi nilishauliza.

"Lakini, Babu, sukari imekwisha. Kwa nini wasiseme imekwisha?"

"Mimi nitajuaje? Wana maneno yao."

"Ni uvivu. Neno moja wanalibebesha kila kitu kama punda. Sisi mtu anakimbia, meli inasafiri, maji yanatiririka, injini inanguruma, sukari inakwisha. Wao vyote vinakimbia. Wamepungukiwa maneno hao?"

"Mtoto huyu wa Mwalimu," Babu Chitanda alimwambia Sefu, kisu kikinielekea, "akizikwa atawauliza malaika wa kaburini kwanza, kabla hawajamuuliza yeye."

Nilibishana naye mpaka viazi vikaisha, nikaondoka nimeshinda. Kesho yake asubuhi Sefu alisimama darasani, akasema la sukari, akaongeza banda la kuku la memsabu ambalo nalo huitwa run, na saa ya ukutani iliyosimama kwa kukosa kutiwa ufunguo, ambayo nayo ime-run down. Alibaki pale jikoni baada ya mimi kuondoka. Yote matatu yaliandikwa. Sefu, Sefu, Sefu.

Nilikasirika, nikanyoosha mkono. Mwalimu Issa alikuwa ameandika siku ile, kwa jina la mtoto mwingine, kwamba barabara ina-run kutoka Lindi hadi Masasi. "Mwalimu, barabara inakimbiaje na ipo palepale?"

Mwalimu Issa aliegemea meza. "Kwenu Mitwero mnasemaje? Barabara hii inafanya nini?"

"Inakwenda Masasi."

"Inakwenda?" Akavua miwani. "Kwa miguu au kwa lori?"

Darasa zima lilipiga meza kwa vicheko. Nilikaa chini masikio yakiwaka moto, nikaona kwamba Sefu peke yake hakucheka, na hilo nalo likaniudhi. Wiki ile ile nilitunga la kwangu. Nilisema mwezi una-run mawinguni. Mwalimu akaniuliza nimelisikia kwa nani. Nikasema kwa bwana mmoja. Bwana gani? Nikasema jina nimelisahau. Akaniambia nikae, kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kiboko.

Tukirudi nyumbani Sefu alisema, akitazama njia, "Ninalo la dobi. La rangi kuchuja. Alifua gauni jekundu la memsabu pamoja na mashati ya bwana. Chukua wewe."

"Sitaki."

"Chukua. Mimi ninayo mengine."

"Nimesema sitaki makombo yako, we mla pweza."

Nilitaka akasirike. Angenipiga ningeshukuru. Alifikiri kidogo, akasema, "Pweza wenyewe mmewamaliza ninyi," akaendelea kutembea.

Wiki mbili kabla ya shule kufungwa, Sefu alipata homa. Alilala ukumbini akitetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba. Dresa alikuja kumtazama, na Sefu, meno yakigongana, alimuuliza Waingereza wanasemaje mtu akiwa na homa. Dresa akamjibu kwamba wanasema ana-run homa. Sefu akatabasamu. Niliona. Mtu anaumwa mpaka macho yamekuwa mekundu, na bado amepata moja!

Asubuhi iliyofuata baba akamwandikia kombe. Nilishika sahani. Ilikuwa mara ya kwanza niishike bila kuipenda kazi ile. Baba aliandika taratibu kuliko kawaida, na alipomaliza akaongeza dua ndefu kwa sauti, akimwombea Sefu afya, na umri, na kufunguliwa akili. Akili! Nani alikuwa ametaja akili? Sefu akanuia, akanywa, na nikaisukuma sahani nusura nimpige meno kwa ukingo.

Siku tatu baadaye alisimama mzima. Si hivyo tu. Alianza kurudi kila jioni na maneno mapya kama mtu anayeokota dagaa maji yakitoka. Nilijua kilichotokea. Nilikuwa na ushahidi mbele ya macho yangu: amekunywa, amefunguka. Nilikwenda kwa baba nikampigia magoti.

"Baba, niandikie na mimi."

"Wewe huumwi."

"Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

Nilitafuta. Si kichwa, si tumbo. Pale kifuani palikuwa na kitu kama mfupa wa samaki uliokwama, lakini sikuwa na jina lake, na mimi niliyejivunia kwamba Kiswahili kina neno kwa kila kitu nilisimama pale nimekosa hata moja. Baba alisubiri. Kisha akainamia ubao wa mtoto mwingine.

"Huumwi wewe. Nenda kachote maji."

Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule, baba na Sefu walikwenda msikitini. Mimi nilisema tumbo linaniuma, na kwa mama ikatosha. Alikwenda zake kwa jirani. Nilijua daftari la Sefu liko wapi, chini ya mto wake. Mwalimu Issa alikuwa ametuambia tumletee Jumatatu yote yaliyobaki, na Sefu alikuwa ameyaandika kwenye ukurasa mmoja kwa wino wa shule, ule wa unga unaokorogwa na maji, kwa mwandiko wake wa kulala. Duka lina-run. Pua ina-run. Habari ina-run mji mzima. Sikusoma hadi mwisho. Niliuchana ukurasa.

Watu wa Lindi watanielewa. Mtoto wa mahali pengine angeuchoma ukurasa ule, au angeunakili. Hayo hayakunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nimeona tangu nizaliwe jinsi maneno yanavyohama kutoka kwenye maandishi kuingia kwa mtu: yanaoshwa, yananuiwa, yananywewa. Tena nilijua kwamba yakishanywewa sahani hubaki nyeupe. Kwa hiyo mambo mawili yangetimia kwa kunywa mara moja. Yangeingia kwangu, na kwake yangefutika.

Nikaishusha sahani ya baba kutoka rafuni. Nikaulaza ukurasa ndani yake, nikamimina maji, nikatia marashi mengi kuliko baba anavyotia ili yapate nguvu. Nikausugua kwa vidole. Wino ulitoka mawingu mawingu, buluu, mzuri kuutazama, na ukurasa ukabaki na alama hafifu kama mishipa ya mkono. Hakuwapo wa kunishikia. Nikaishika mwenyewe. Nikanuia, na nia yangu naikumbuka neno kwa neno: yatoke kwa Sefu, yaje kwangu, na baba aone.

Nikanywa yote. Yalikuwa na ladha ya kutu na maua.

Nikakaa nikisubiri. Niliyaita yale ambayo sikuyasoma, moja baada ya jingine, yaje mdomoni. Hayakuja. Kilichokuja ni maji mdomoni, halafu jasho, halafu nikatoka mbio uani na kila nilichokula asubuhi, na kutoka pale sikuweza kukaa mbali na choo. Dresa ana msemo wa Kiingereza kuhusu tumbo la namna hiyo, wenye neno lile lile, na hata huo Sefu alikuwa ameshauandikisha mapema.

Baba alinikuta nimejikunja barazani. Alikuwa ameshaiona sahani: wino ulikuwa umeingia kwenye ufa mwembamba uliokuwamo katikati, na mstari wa buluu ulisimama pale ambapo kwa miaka yote hapakuwa na kitu. Alinishika kidevu.

"Toa ulimi."

Nikatoa. Sefu, nyuma yake, alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Amekunywa wino!" alisema. "Baba mkubwa, kanywa wino!" Kisha akaona ukurasa uliolowa pale sakafuni, akaujua, akanitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa na swali. "Umeyanywa yangu? Yote?"

Baba hakunipiga. Alimtuma Sefu akaangue dafu, akanishikia kichwa ninywe, akanipangusa midomo kwa pindo la kanzu yake ya Ijumaa, ambayo mama alihangaika wiki nzima kuitoa wino. Nilipotulia akaitaja nia, kama alivyoitaja kwa wote, ila safari hii baada ya kunywa na si kabla.

"Ulinuia nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mbele ya sahani ile sikuwahi kuona mtu akidanganya.

"Yatoke kwa Sefu."

Alilikunja pindo lile la kanzu lililolowa. Akamgeukia Sefu. "Yametoka?"

"Hayakutoka," Sefu alisema. Akaanza kuyataja, yote, bila ukurasa, na kila moja na mtu wake na siku yake: duka la yule Mhindi na mwanawe anayeliendesha, pua ya mtoto wa karani, uvumi uliozunguka soko. Baba alikaa chini. Alianza kusikiliza kwa adabu, kisha kwa udadisi. Akauliza, je, jua nalo? Je, kalamu ikiandika? Wakaenda hivyo, baba akicheka kicheko kile kidogo cha puani ambacho nilidhani ni mimi tu ninayejua kukitoa, Sefu akikunja vidole kuhesabu, na mimi katikati yao nimelala, kichwa kwenye paja la baba, dafu mkononi, ulimi wa buluu, nikitamani wote wawili wanyamaze. Hakuna adhabu iliyowahi kunipata kali kuliko furaha yao alasiri ile.

Jumatatu Sefu alipata kamusi. Aliiweka rafuni, chini ya msahafu, mahali nilipopapanga mimi. Sahani haikuonekana tena. Baba alinunua nyingine, nikaendelea kushika hiyo mpya, na hakuna aliyezungumza habari ya ile ya zamani. Nilijua nimeinajisi. Nilijua baba ameitupa baharini, au ameizika kama wanavyozika kurasa za msahafu zilizochakaa. Niliishi na ujuzi huo miaka mingi bila kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Yaliyofuata yalikwenda kinyume na karatasi ya Mwalimu Issa. Mimi nilifaulu kwenda sekondari, kisha chuo kikuu. Sefu alimaliza la nane akabaki. Siku nilipoondoka alinipa kamusi, imefungwa kwenye gazeti, akasema yeye ameshaimaliza. Niliipokea kama haki yangu. Nimeisoma mpaka kurasa za herufi ya R zimelegea, na kila nikifika pale nilihisi ule mfupa kifuani, kwa sababu nilipokuwa nasoma maneno mbali na kwetu, Sefu alikuwa barazani Mitwero akifundisha alifu na bee, akila kichwa cha samaki, na bila shaka akishika sahani. Watu wakinisifu kwa digrii nilitaka kuwaambia, nendeni mkamwone mwenye bahati. Nisingeweza kueleza. Kwao mwenye cheti ndiye anayeonewa wivu.

Ijumaa iliyopita, nilipofungua kanga ya pili na kuinua sahani ya bati, niliitambua kwa ufa. Ni ile ile, na mstari wangu wa buluu ungalimo. Juu yake, kutoka ukingoni hadi katikati, ukikatiza ufa bila kuukwepa, ni mwandiko wa baba kwa zafarani, mkavu, ukitetemeka penye herufi ndefu. Haujaoshwa. Barua ya Sefu ilikuwa imekunjwa pembeni, nayo ni fupi kama maneno yake.

"Baba aliiandika Jumatatu yake ya mwisho, siku aliyoweza kukaa. Alikuwa nayo sandukuni miaka yote. Akasema, 'Hii ni ya yule aliyeniomba nikamwambia huumwi. Mpelekee kavu, anuie mwenyewe.' Nilishika mimi akiandika, mikono yake haikuwa na nguvu. Ulipokuja msibani nilishindwa kukukabidhi. Sijaonja. Najua utauliza."

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na siamini kwamba zafarani inaponya chochote. Nikiulizwa hadharani nitasema hivyo hivyo. Lakini sahani iko mezani siku ya sita sasa, nimeifunika kwa ile ya bati, harufu inapungua kila siku, na sijathubutu kuimiminia maji. Siyo imani inayonizuia. Ni kwamba nimeshawahi kuishika mwenyewe mara moja.

Mwisho wa mwezi Sefu anakuja Dar es Salaam kununua juzuu za chuo. Atafikia kwangu. Nitampikia samaki, na kichwa nitagawa katikati, zaidi ya hapo siwezi. Tukishakula nitaleta maji na marashi, nitapiga magoti upande wa mgonjwa, ambao sijawahi kupiga, na nitamwomba anishikie sahani. Atanitazama mdomoni kwanza, kama kawaida yake. Kisha ataniambia ninuie, na nitanuia nikiwa nimefumbua macho, niikodolee mikono yake, asije akamwaga hata tone.